Mchango wa harusi tunautoa, wa mchezo wa kuimbwa mbona unatushinda?

Iringa mjini kadi ya mchango haimshtui mtu. Harusi ina kamati, na kwaya ikizindua albamu mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa laki kadhaa. Sasa waje akina dada sita, waseme wanatafuta fedha za kutunga mchezo wa jukwaani wa kuimbwa, nyimbo mpya tupu, mhusika mkuu mwanamke. Wataulizwa: tunachangia nini, na mchezo wenyewe haupo?

Swali hilo si la kipuuzi. Harusi ina tarehe na pilau. Fedha za mchezo huliwa na mazoezi: nauli ya bajaji kutoka Ipogolo mara tatu kwa wiki, chai, mpiga kinanda, mtunzi anayeutupa wimbo wa nne kwa sababu alto hawaufikii. Ukiwatembelea mwezi wa tatu utakuta watu wamekalia madawati, wanarudia mstari mmoja. Hata picha ya kurusha kwenye grupu hupati.

Basi wauze tiketi? Tiketi huuza kilichoiva. Mwaka 2015 Jeanine Tesori na Lisa Kron walikuwa timu ya kwanza ya wanawake pekee kushinda Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani, kwa muziki na mashairi bora. Kazi yao ilipita kwanza Public Theater, New York, jumba lisilo la biashara ambalo michango ni sehemu ya uhai wake. Na hao ndio wenye Broadway, soko kubwa la tiketi za michezo ya kuimbwa.

Kwa nini wanawake? Angalia kwaya zetu: soprano na alto ni wao, anayetunga na kufundisha mara nyingi ni mwanaume. Hilo halihitaji semina.

Kinachonitia wasiwasi ni mkono unaotoa. Tangu kampeni za UKIMWI, vikundi vingi vya maigizo vimeishi kwa fedha za miradi. Wasanii walikula, sikatai, na ujumbe ulifika. Ila mwanamke wa michezo ile tunamjua: anapigwa, anaambukizwa, anaokolewa na mtoa mada. Hatamani kitu, hachekeshi, hakosei. Mchukue Mkomanile, kiongozi mwanamke wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani Songea mwaka 1906 pamoja na wanaume zaidi ya 60 katika vita vya Majimaji. Mradi utamtaka awe kielelezo cha uongozi wa wanawake. Lakini huyu ndiye aliyeyapokea maji ya dawa yaliyoahidi kuzima risasi, na watu wake wakafa wakiyaamini. Usiku wa kuamkia kitanzi aliimba nini? Fomu ya maombi ya ufadhili haina kisanduku cha jibu hilo.

Kwa hiyo naegemea elfu tano tano za watu wengi, kwa simu. Nazo zina maudhi yake: ahadi hewa, na mzee aliyetoa laki mbili akitaka mchezo uishie kwa pambio. Anayesema zahanati kwanza ana haki, ingawa juzi tu nilimwona kwenye orodha ya send-off, laki moja, amelipa yote.

Ningependa uzinduzi uachwe kabisa. Aliyechangia aalikwe mazoezini Jumamosi, apewe chai na andazi, asikilize nyimbo mbili zisizoiva na aseme ule wa pili haujamgusa. Kuuandika upya, awaachie wale dada sita.