Hesabu za GRE: Usihesabu Maswali, Chambua Makosa

Muulize mtu anayejiandaa kwa GRE, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili Marekani, maandalizi yamefika wapi, mara nyingi atakujibu kwa idadi: nimeshafanya maswali mia tano. Idadi hiyo peke yake haisemi kitu. Afadhali aulizwe hivi: kati ya yale uliyokosa, ni mangapi unaweza kuyarudia leo bila kuchungulia majibu, na ukaeleza uliteleza wapi?

Hesabu za GRE hazina kalkulasi wala trigonometria. Ni mambo ya sekondari: asilimia na uwiano, aljebra, jiometri, wastani, uwezekano, kusoma grafu. Ndiyo maana mhandisi huzidharau, kisha zikamwangusha. Tangu mtihani ufupishwe Septemba 2023, hesabu zina sehemu mbili: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Ni kama sekunde 105 kwa swali. Tena ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza, kwa hiyo makosa ya haraka ya pale mwanzo ni ghali.

Sisi tumelelewa kuonesha njia. Shuleni msahihishaji hukupa alama za hatua hata jibu la mwisho likikosewa. GRE haioni njia yako kabisa. Kuna maswali yanayotaka uchague majibu yote yaliyo sahihi. Yakiwa matatu nawe ukaweka mawili, hupati kitu. Lakini jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kutupa bahati.

Aina inayotesa zaidi ni ya kulinganisha kiasi viwili. Majibu ni manne na hayabadiliki: A ni kikubwa, B ni kikubwa, ni sawa, au taarifa hazitoshi kuamua. Chukua hili: x ni ndogo kuliko 1. A ni x², B ni x³. Wengi hujaribu x = 1/2, wanapata 1/4 na 1/8, A ni kikubwa. Wakiwa waangalifu hujaribu na −2, wanapata 4 na −8, A tena. Wanaandika A na kuendelea. Wamesahau sifuri. Kwa x = 0 viwili hivyo ni sawa, kwa hiyo jibu ni la nne. Sasa ongeza sharti dogo tu, kwamba x si 0, na jibu linageuka kuwa A. Tofauti yote imekaa katika maneno mawili ambayo jicho lenye haraka huyaruka.

Jizoeze kujaribu namba kwa mpangilio uleule kila mara: 0, 1, −1, 1/2, −1/2, kisha namba kubwa, ukiziruka tu zile ambazo masharti ya swali yamezikataza. Majaribio mawili yakitofautiana, simama hapo, jibu ni la nne. Yakikubaliana yote, bado hujathibitisha. Hapo rudi kwenye aljebra: x² − x³ ni x²(1 − x), na ukiiangalia hivyo unaona mara moja kwa nini sifuri ndiyo pekee inayovuruga.

Daftari la makosa ndilo chombo kikuu, na wengi hulitumia vibaya. Wanaandika "uzembe". Uzembe si sababu, maana hauonyeshi cha kurekebisha. Andika "sikujaribu sifuri", au "nimedhani mchoro umechorwa kwa vipimo halisi", au "nimetafuta wastani wa kasi kwa kujumlisha kasi mbili na kugawa kwa 2". Hilo la mwisho hurudi sana: gari likienda kilomita 60 kwa kasi ya 30 kwa saa, kisha kilomita 60 nyingine kwa kasi ya 60, limetumia saa 3 kwa kilomita 120. Wastani ni 40, wala si 45. Baada ya siku tatu lifanye swali hilo upya kwenye ukurasa mweupe, kisha tena baada ya siku kumi. Ukilikosa mara ya pili, tatizo ni kanuni yenyewe: rudi kwenye somo kwanza.

Kwa maoni yangu, maswali 15 kwa siku yaliyochambuliwa hivi yanatosha. Wiki mbili za kwanza fanya bila saa. Ukianza na saa kabla ya njia kukaa sawa, unazoea kukosea kwa kasi.

Kikokotoo cha kwenye skrini kipo, ila kukitumia kwa kila hesabu kunakula muda. 15% ya 80 itoke kichwani: 8 na nusu yake, 12. Na kama utafanyia mtihani nyumbani, karatasi za kawaida haziruhusiwi. Utaandika kwenye ubao mdogo mweupe, au kwenye karatasi moja iliyowekwa ndani ya plastiki angavu, kwa kalamu ya kufutika. Fanya mazoezi yako hivyohivyo tangu mapema, kwa sababu nafasi huisha haraka na ukifuta kizembe unafuta na namba uliyokuwa bado unaihitaji.

ETS, shirika linaloandaa GRE, wanatoa majaribio mawili kamili ya bure ya POWERPREP. Usiyamalize wiki ya kwanza. Moja lifanye katikati ya maandalizi, la pili siku kumi kabla ya mtihani, saa ileile uliyopangiwa.