Betri nne kutoka Dar hadi Moshi

Desemba iliyopita, kule migombani Kibosho, watoto wa ndugu zangu walipanda kutoka Dar na simu za tachi zilizojaa gemu za kila rangi. Mpwa wangu wa hapa Moshi, mwenye miaka tisa, alikuwa na gemu ya matofali niliyomnunulia soko la Memorial: kioo cha kijivu, vitufe vya raba, betri mbili ndogo. Siku ya pili foleni ilikuwa kwake. Shemeji akasema sisi watu wazima ndio tunaowabebesha watoto mapenzi ya utoto wetu, na kwamba hizi gemu za kizamani zinaishi kwa kumbukumbu tu.

Shemeji ana hoja. Simu moja inapiga, inapiga picha na inacheza. Kioo cha zamani hakina taa, giza likiingia umeshindwa. Betri zikiisha zinaishia shimo la taka, jirani na migomba. Na vigemu vingi vinavyouzwa sasa kwa sura ya kizamani ni vipya, vimejazwa maelfu ya gemu zilizonakiliwa bila waliozitunga kupata senti. Hili la mwisho linaniuma, na sijapata jibu lake.

Lakini mtoto wa miaka tisa atakumbuka nini cha mwaka 1989?

Mwaka huo ndio kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa Game Boy, kigemu cha mkononi: kioo chenye vivuli vinne tu, hakuna rangi. Mwaka uliofuata washindani wao, Sega, wakaja na Game Gear, yenye rangi na taa ndani ya kioo. Kwa macho, mshindi alikuwa anajulikana. Ila Game Gear ilikula betri sita za AA kwa saa tatu hadi tano, na Game Boy ilikaa na betri nne kwa saa 15 hivi. Hesabu hii naipima kwa basi. Toka Dar alfajiri na Game Gear mkononi: ukifika Korogwe, kama haijazimika, iko njiani kuzimika, na mbele yako bado kuna Mombo, Same, Mwanga na Himo. Mwenye Game Boy anashuka Moshi akiwa anacheza, na kesho yake bado ana za kuchezea. Sega waliuza kama milioni 10. Game Boy na mdogo wake Game Boy Color zilipita milioni 118. Wanunuzi wa wakati ule hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuwavuta, kifaa kilikuwa kipya madukani. Walichagua kinachofika nao safari.

Aliyeongoza kazi ya kuunda Game Boy, Gunpei Yokoi, aliingia Nintendo mwaka 1965 kama fundi wa mashine za kiwanda cha karata. Aliamini katika kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ya bei nafuu, na kuitafutia matumizi mapya. Husimuliwa kwamba wazo la vigemu vya mkononi lilimjia ndani ya treni, alipomwona abiria akibonyeza kikokotoo kwa kuchoka na safari. Basi letu na treni yake ni jambo lile lile.

Simu nayo ina shida ambayo haimo kwenye betri. Katikati ya mchezo linaingia tangazo, bando linakata, ujumbe wa shangazi unashuka juu ya kioo, gemu inadai ununue nguvu za ziada. Gemu ya zamani ukishainunua imekwisha kukupa kila kitu chake, haitarudi kukuomba.

Ndiyo maana hata vile vipya vya maelfu ya gemu sivipendi sana, ukiacha hilo la kunakili. Nimewaona watoto wakifungua moja, wanaonja, wanaruka nyingine, jioni hakuna waliyoimaliza. Gemu ya mpwa wangu imeandikwa 9999 kwenye kasha, ila ukihesabu ni chache zinazojirudia kwa kasi tofauti. Anazijua zote, na ana kiwango anachokitafuta tangu Krismasi.

Mama yake alipoita tule, watoto wa simu waliitwa mara tatu. Yeye alibonyeza kitufe cha kusimamisha, akaiweka juu ya meza, na pale mezani ikakaa kimya mpaka aliporudi.