Nilisikia Tequila, Nikakabidhiwa Sepetu

Kwetu Lushoto mimi ni mkwepaji wa msaragambo ninayejulikana. Siku ya kuzibua mtaro au kuchimba barabara, mgongo huanza kuniuma alfajiri na kupona saa sita kamili, watu wakishatawanyika. Mwenyekiti wa kitongoji alishachoka kunigongea mlango. Huandika faini, mama hulipa, mimi hugeukia upande wa pili.

Hayo uyajue kwanza, ndipo nikupeleke Mexico.

Nilikuwa mji wa Oaxaca kwa kozi ya miezi mitatu, na Kihispania changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Jamaa niliyepanga naye chumba anatoka Guelatao, kijiji cha Wazapoteki, watu wa asili wa huko, kilomita kama 60 kutoka mjini, huko juu milimani. Barabara yake ina kona kama za Mombo kupanda Lushoto, kwa hiyo tumbo langu lilijisikia nyumbani. Aliniambia twende, kwa sababu tarehe 21 Machi ni sikukuu yao kubwa: siku aliyozaliwa Benito Juárez, mwaka 1806.

Guelatao ni manispaa kamili, ina rais wake wa manispaa na viongozi wake, ila watu wenyewe ni mia kadhaa tu. Harusi moja ya Tanga inawazidi. Lakini ndiko alikotoka huyo Juárez, yatima tangu miaka mitatu, mchunga kondoo wa ami yake, ambaye mwaka 1818 alitembea kwa miguu hadi Oaxaca mjini akiwa na miaka 12. Wengine husimulia kwamba alipoteza kondoo akaogopa kurudi nyumbani. Aliingia mjini Kihispania hakipandi, sawasawa na mimi. Tofauti ndogo ni kwamba yeye aliishia kuwa rais wa nchi, Mzapoteki aliyewafukuza Wafaransa, akafia madarakani mwaka 1872.

Jioni hiyo jamaa yangu alikwenda uwanjani kucheza mpira wa kikapu, maana kule milimani ndio mchezo wao hasa. Nikabaki mimi na mama yake tukila maharage na tortilla. Akaniambia, "Mañana hay tequio."

Kesho kuna tequila! Nikaweka kijiko chini. "¿Mucho?" Nyingi?

"Mucho, mucho," akasema, kama anayenionea huruma.

Nikamuuliza saa ngapi. Saa kumi na mbili asubuhi. Nikasema moyoni, kumbe hawa ni wanywaji wa kweli. Nikashika kifua, nikatamka sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuimudu: "Señora, yo quiero mucho, mucho tequio." Mama, nataka tequio nyingi, nyingi. Mama wa watu alinitazama kwa muda, akatoka kumwita jirani. Jirani akaja, nikarudia. Akamwita mumewe. Nikarudia tena, mara hii na mkono juu. Mzee alinishika bega akaguna kwa heshima. Nililala nikijiona balozi.

Alfajiri nikavaa shati jeupe na viatu vya kozi, vile vyenye soli laini. Uani kwa manispaa nikakuta umati una sepetu, mapanga na matoroli. Nikadhani wametoka shamba moja kwa moja kuja kunywa. Kijana mmoja aliyeshika daftari akaniuliza jina, akaliandika, akanipa sepetu.

Jamaa yangu alipofika akicheka hadi machozi ndipo nikaelewa. Tequio ni msaragambo. Neno lenyewe ni la Kinahuatl, tequitl, yaani kazi, na wapo wanaosema hata mji wa Tequila ulipata jina humo humo. Jimbo zima la Oaxaca lina manispaa 570, na zaidi ya 400 hazichagui viongozi kwa vyama. Watu hukaa mkutano wakachaguana wenyewe kwa mila zao, jambo ambalo sheria ya jimbo ilianza kulitambua mwaka 1995. Kijana huanzia chini kabisa akiwa topil, nusu mgambo nusu tarishi, bila mshahara, akipanda ngazi mwaka kwa mwaka. Yule mwenye daftari alikuwa topil. Na asiyefika kwenye tequio hulipa faini.

Nimevuka bahari, faini imefika kabla yangu.

Nikapewa toroli la udongo nilipeleke karibu na Laguna Encantada, kiziwa cha katikati ya kijiji ambacho wenyeji hukiita cha maajabu. Pembeni pana sanamu ya Juárez akiwa mtoto, na kondoo wake. Njia inateremka. Soli laini zikateleza, mimi nikakaa chini, toroli likaendelea na safari. Lilimpita Juárez, likawapita kondoo, likaingia majini taratibu kama mtu anayekwenda kuoga.

Kimya. Kisha yule mzee wa jana, mume wa jirani, akavua kofia, akatamka neno la Juárez la mwaka 1867 ambalo kila mtoto wa Mexico hukaririshwa shuleni: "El respeto al derecho ajeno es la paz." Kuheshimu haki ya mwenzio ndiyo amani. Toroli lilikuwa lake.

Niliingia majini na shati langu jeupe, kijiji kizima kikihesabu: uno, dos, tres! Tulipolitoa, mzee alinimiminia kikombe kidogo cha mezcal, pombe kali ya kwao, akanifahamisha kwamba tequila ni ya watu wa Jalisco, jimbo jingine. Ilishuka kama kaa la moto. Topil akaweka alama mbele ya jina langu.

Jamaa yangu alikuwa amenipiga picha, nimekumbatia toroli, magugu yananing'inia masikioni. Kwa ujinga wangu nikamtumia mama. Usiku akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, mwenyekiti ameiona. Anauliza mgongo unaendeleaje, na anasema mtaro wa shuleni hawataugusa mpaka urudi."