Tangu Lini 10 Ikawa Ndogo Kuliko 9?

Andika "10" < "9" katika lugha ya programu ya JavaScript, namba zote mbili zikiwa ndani ya alama za kunukuu, nayo kompyuta itakujibu kuwa ni kweli. Haijakosea. Zile alama za kunukuu zimezifanya namba kuwa maandishi, na maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kama yanavyopangwa kwenye kamusi: 1 hutangulia 9, basi 10 nayo hutangulia 9. Sasa ondoa alama za kunukuu upande mmoja tu. Jibu linageuka kuwa si kweli, kwa sababu safari hii lugha imebadilisha maandishi kuwa namba bila kukuuliza wala kukuarifu.

Jambo hili linanikera. Kulinganisha ni kuuliza swali, na swali halina maana mpaka ijulikane vinavyolinganishwa ni vitu vya aina gani. Lugha ya Python ukiipa maandishi na namba uiulize kipi kikubwa, inagoma na kutoa kosa papo hapo. Kuna wanaouona ukali huo kuwa usumbufu. Mimi nauona ndio uungwana, maana kosa linalopiga kelele utalirekebisha leo, lakini jibu la kubahatisha litakaa ndani ya programu miezi na miezi. Hata watengenezaji wa lugha ya PHP walilitambua hilo: hadi toleo la 7, kulinganisha 0 na neno lolote la kawaida kwa ==, alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, kulileta jibu la kweli, na toleo la 8 la mwaka 2020 likafuta tabia hiyo.

Hiyo == yenyewe ina kisa chake. Lugha ya Pascal ilitumia := kuweka thamani, yaani kulipa jina fulani namba au maandishi ya kuhifadhi, na = kulinganisha, mpangilio ambao kwangu ulikuwa wa busara zaidi. C ikachukua = kwa kuweka thamani na == kwa kulinganisha, na lugha nyingi zikairithi. Novemba 2003 mtu asiyejulikana alipenyeza sharti moja, yaani swali ambalo programu hulijibu kabla ya kuchukua hatua, katika nakala ya msimbo (maandishi ya programu) wa mfumo endeshi wa Linux, na ndani yake mlikuwa na current->uid = 0, ambapo uid ni namba ya mtumiaji. Ukilipitia haraka utadhani linauliza kama mtumiaji ni namba 0, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Kumbe alama ya usawa ilikuwa moja! Sharti halikuuliza chochote. Lilimpa mtumiaji namba 0 pamoja na mamlaka yake yote. Na kwa kuwa thamani ya tendo hilo ni 0, sharti lilihesabiwa kuwa si kweli, programu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Bahati nzuri badiliko hilo halikuwepo kwenye hazina kuu ya msimbo, likanaswa mapema.

Desimali nazo zinahitaji tahadhari: 0.1 + 0.2 == 0.3 hutoa si kweli katika lugha nyingi, kwani kompyuta huhifadhi desimali hizo kwa makadirio. Pima kama tofauti kati ya pande mbili ni ndogo ya kutosha, usidai usawa kamili.

Ndiyo maana siridhiki na masomo yanayozipitisha alama sita za kulinganisha (==, !=, <, >, <= na >=) kwa jedwali moja, kisha yakakimbilia vitanzi, yaani amri za kurudiarudia kazi. Mwanafunzi anayejua hesabu ataandika 1 < x < 10 katika C akiamini ameeleweka. Lakini C hulinganisha kwanza 1 na x, inapata 0 (si kweli) au 1 (kweli), kisha inauliza kama hiyo ni ndogo kuliko 10. Jibu ni kweli daima, hata x ikiwa 500. Anayefundisha amwachie mwanafunzi aijaribu hiyo 500 mwenyewe. Akitoka hapo, ampe sharti la aliyefikisha miaka 18, amwambie achague kati ya > na >=, kisha alipime kwa 17, 18 na 19. Zoezi hilo halimalizi hata nusu saa.