Siafu wa Kakamega: tuwaainishe kwa umbo au kwa DNA?

Siafu mfanyakazi hana macho wala mabawa. Dume ana vyote viwili, na tumbo nene kama soseji. Hufikia sentimita 3, na msimu wa mvua hujigonga kwenye taa za nyumba. Asiyejua atasema ni nyigu. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeanzisha mfumo wa majina ya spishi, naye alisema hivyo: mwaka 1764 alimweka dume wa siafu katika Vespa, jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) ya nyigu. Mtaalamu wa wadudu Fabricius alimuundia jenasi ya Dorylus mwaka 1793, kisha mwenzake wa fani, Shuckard, mwaka 1840, akawapa wafanyakazi jenasi yao, Anomma. Leo Anomma ni tawi tu ndani ya Dorylus, lakini vurugu haijaisha: kuna spishi zilizoelezwa kwa dume peke yake na nyingine kwa mfanyakazi peke yake.

Wanaotetea umbo wana hoja nzito. Vielelezo vya msingi, yaani wadudu wenyewe ambao majina ya spishi yalitolewa kwao, ni vya zamani, vimekauka kwenye pini, na DNA yake mara nyingi imekatikakatika. Darubini inatosha kuvilinganisha. Tatizo ni kwamba ndani ya kundi moja wafanyakazi huanzia milimita 3 hivi hadi kupita 10, na umbo la kichwa hubadilika kadiri mwili unavyokua. Funguo za utambuzi, yaani miongozo ya kutambua spishi kwa sifa za mwili, hutegemea wale wakubwa. Mtego ukinasa wadogo tu, kundi moja laweza kuandikwa kwa majina mawili.

Upande wa DNA hujivunia kipande cha herufi 650 hivi cha COI, jeni iliyomo ndani ya mitokondria, vijisehemu vya seli vyenye DNA yao wenyewe ambavyo mtoto huvirithi kwa mama. Kwa kuoanisha dume na wafanyakazi hakina mpinzani, kwa kuwa watoto wote wa malkia mmoja hurithi mitokondria zake. Ila hapo hapo ndipo siafu wanapokiumbua. Malkia hana mabawa, huhama kwa miguu. Anayeruka ni dume, na mitokondria za dume haziendi kwa watoto. Kwa hiyo COI hueleza zaidi kundi liliko kuliko spishi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha hili katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya: siafu wenye umbo la Dorylus molestus na wenye umbo la Dorylus wilverthi walikuwa na mitokondria za aina moja. Jeni za kiini cha seli, pamoja na umbo, ziliwatenga katika aina mbili, na machotara wengi kiasi katikati.

Kwa maoni yangu, anayetangaza spishi mpya ya siafu kwa COI pekee anakosea zaidi ya anayetumia darubini pekee. Wa darubini angalau ameona kitu kilichoumbwa na jeni za wazazi wote wawili.

Kazi ya uwandani basi ibadilike. Chukua wafanyakazi 30 kutoka msafara mmoja, wa kila ukubwa, wakubwa wasipungue watano. Watie kwenye ethanoli ya asilimia 95 na uibadilishe kesho yake, maana maji ya miili yao huizimua; ile ya asilimia 70 hufaa kwa umbo lakini huharibu DNA. Dume aliyekatwa mabawa ndani ya msafara usimhesabu kuwa wa kundi hilo: ni mchumba aliyetoka kwingine, wafanyakazi wamemkata mabawa, na Kakamega huenda hata si wa spishi yao. Mpe chupa yake na namba yake. Chotara naye aandikwe chotara, pamoja na majina ya spishi zote mbili, asipewe jina jipya.