Ngoma ya Waazteki ndani ya misheni: nani ana haki ya kuicheza?

Kila Desemba, El Teatro Campesino, kikundi cha maigizo cha Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, huingiza maigizo yake ndani ya kanisa la San Juan Bautista, California, mojawapo ya misheni, vituo vya mapadri wa Kihispania vya kuwageuza wenyeji kuwa Wakristo. Mwaka huu ikiwa zamu ya La Virgen del Tepeyac, hadithi ya Juan Diego, mwenyeji wa asili wa Meksiko aliyetokewa na Bikira Maria kwenye kilima cha Tepeyac mwaka 1531, mwaka ujao huwa ni La Pastorela, safari ya wachungaji wanaokwenda Bethlehemu huku mashetani wakiwavizia njiani. Waigizaji wazoefu hucheza bega kwa bega na watu wa mjini, wazazi na watoto wao, na ngoma za Waazteki, watu wa Meksiko ya kale, hurindima mbele ya altare.

Wapo wanaochukizwa, na hoja yao ni nzito. Nje ya ukuta wa kanisa hilo kuna makaburi yanayokadiriwa kuwa na wenyeji wa asili zaidi ya 4,000. Mji mzima leo una wakazi kama 2,000, maana yake waliolala upande ule wa ukuta ni mara mbili ya walio hai. Misheni ilianzishwa mwaka 1797, na utawala wake juu ya wenyeji ulivunjwa katika miaka ya 1830. Hata tukikubali kwamba wengine walizikwa baadaye, hesabu hiyo inatisha. Surua na maradhi mengine yaliwakuta wamesongamana, wasichana wakifungiwa usiku katika bweni lao, na waliotoroka wakisakwa na askari na kurudishwa.

Tena waliozikwa pale si Waazteki. Ardhi ile ni ya Wamutsun, na wajukuu wao, Waamah Mutsun, wapo hadi leo. Wanaifufua lugha ya mababu, ambayo msemaji wake fasaha wa mwisho, Ascensión Solórsano, alifariki mwaka 1930. Ni haki yao kuuliza kwa nini sherehe ya uasili, yaani ya kuwa mwenyeji wa asili, ipambwe kwa manyoya ya watu wa mbali, tena katika jengo lililowamaliza wazee wao.

Hata hivyo, wanaoliita tamasha hili mapambo ya kuremba dhuluma hawajauangalia mchezo wenyewe, wala walioanza kuucheza. Kikundi kilizaliwa mwaka 1965 katika mgomo wa vibarua wa mashamba ya zabibu huko Delano. Luis Valdez, mwana wa vibarua, aliwapandisha wagomaji juu ya lori lisilo na kuta, na hilo ndilo likawa jukwaa. Mandhari hayakuwepo. Kila mwigizaji alining'iniza kibao shingoni: huyu mgomaji, huyu msaliti wa mgomo, na bwana shamba akavaa kinyago cha nguruwe. Mwaka 1966, vibarua walipoandamana kwa miguu kutoka Delano hadi Sacramento, kikundi kiliigiza jioni walipopumzika, na picha ya Bikira wa Guadalupe, yule yule wa Tepeyac, ilitangulia msafara. Hakuna padri wa misheni aliyewalazimisha kuibeba.

Sasa tazama kinachotendeka katika mchezo. Juan Diego, mnyonge asiye na cheo, ndiye mbingu inayemchagua. Askofu Zumárraga, mwenye mamlaka yote, ndiye anayebaki na shaka hadi mwenyeji huyo afungue vazi lake na waridi ziporomoke sakafuni, wakati si msimu wake. Ndani ya kuta ambamo mwenyeji aliamrishwa asali na afanye kazi, usiku huo neno linatoka kwake na askofu ndiye anayesikiliza. Kwa mtoto wa kibarua ambaye shuleni uasili wake ulifunzwa kama jambo la makumbusho, kuigiza nafasi hiyo mbele ya shangazi na majirani zake kuna uzito ambao hotuba haiwezi kuufikia.

Vilevile, hatuwezi kumwambia Mmeksiko kwamba uasili wake uliishia mpakani. Mashamba ya California yanalimwa na Wamixteki, Wazapoteki na Watriki, wenyeji wa asili kutoka jimbo la Oaxaca, Meksiko. Kwao asili ni ndugu walioachwa kijijini na lugha inayozungumzwa nyumbani. Hapa nitawakosoa watetezi wenzangu: Waazteki wamepewa nafasi kubwa mno katika sanaa ya Wachicano, hadi hawa wanaochuma mboga leo wanafunikwa na fahari ya himaya iliyoanguka mwaka 1521.

Kuzuia maigizo hakutamfaidi hata mmoja wa wale 4,000. Kutawanyima tu vibarua jukwaa, na jengo litabaki na simulizi moja, ya mapadri. Lakini yeyote anayesherehekea uasili pale anadaiwa kuanza na Wamutsun, kwa jina lao, na waseme wenyewe wakiridhia. Wanajua kudai wanachotaka. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kiliondoa kengele ya ukumbusho wa barabara iliyounganisha misheni, kwa sababu wao waliomba. Wakitaka jioni ya Desemba ifunguliwe makaburini kabla ya watu kuingia kanisani, wakubaliwe, hata kama mchezo utachelewa kuanza.