Wasichana majasiri wa Agatha Christie: tuwafurahie kwa kiasi gani?

Anne Beddingfeld ana pauni 87 na shilingi kadhaa tu. Baba yake amefariki, na wakili wa familia amemkaribisha akae kwake London mpaka mambo yatakapotulia. Anne anakwenda zake kwenye ofisi ya meli, anauliza nauli ya daraja la kwanza hadi Cape Town, anaambiwa pauni 87, anakata tiketi. Sababu yake ni kipande cha karatasi kinachonuka dawa ya kufukuza wadudu wa nguo, kilichoangushwa na mtu aliyejifanya daktari mbele ya maiti katika kituo cha treni za chini ya ardhi. Ndivyo safari inavyoanza katika The Man in the Brown Suit, riwaya iliyotoka mwaka 1924. Nitamtaja mhalifu wake huko mbele, kwa hiyo anayetaka kulifumbua fumbo mwenyewe akisome kitabu kwanza.

Ninazipenda sana riwaya hizi za Christie, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, ambazo hazina wapelelezi wake maarufu, Poirot wala Miss Marple, zile ambazo msichana asiye na kazi wala mlinzi anajitosa kwenye mambo ya majasusi. Tuppence wa The Secret Adversary (1922) ametoka kuhudumu hospitalini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na sasa hana ajira, basi yeye na rafiki yake Tommy wanatunga tangazo la kujikodisha kwa kazi yoyote, popote, mradi malipo yawe mazuri. Victoria Jones wa They Came to Baghdad (1951) ni mpiga taipu aliyefukuzwa kazi, na kipaji chake kikubwa ni kusema uongo. Hakuna kati yao anayengoja kutumwa.

Tena uhodari wao si wa ngumi. Anne anamtilia shaka yule daktari kwa sababu alipima mapigo ya moyo upande wa kulia wa kifua. Polisi hawakuliona hilo. Yeye alifanya kazi hospitalini wakati wa vita, anajua daktari anavyomshika mgonjwa. Jambo dogo kama hilo linamgeuza msichana aliyedharauliwa kuwa mtu pekee mwenye ufunguo wa kesi. Kwetu sisi tuliokulia kwenye riwaya za Kiswahili, hili lina ladha ya pekee. Ukitaja upelelezi, majina yanayokuja kwanza ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nuru, mwenzake Joram katika riwaya za Mtobwa, ana akili na moyo wa chuma, lakini hadithi inabaki kuwa ya Joram. Anne anaisimulia hadithi yake mwenyewe, sehemu kubwa kwa kinywa chake.

Wakosoaji wana hoja mbili, na uzito wake haulingani.

Ya kwanza ni ndoa: kwamba uhuru wa wasichana hawa ni likizo fupi kabla ya harusi. Ushahidi upo. Anne anampenda ghafla mwanamume mkali anayetafutwa kwa mauaji, na anafikia kusema kwamba mwanamke hufurahia mno kufanya asiyoyapenda kwa ajili ya ampendaye, na kadiri alivyo mkaidi ndivyo anavyofurahia zaidi. Maneno hayo yananikera kila ninapoyafikia. Lakini hoja yenyewe haifiki mbali, maana Christie aliijibu katika N or M? ya mwaka 1941. Humo Tuppence ni mama mwenye watoto wakubwa. Idara ya ujasusi inamwita mumewe peke yake, kwa siri. Tommy anapofika kwenye nyumba ya wageni anayotakiwa kuichunguza, anamkuta mkewe ameshatangulia, ana jina la bandia na anafuma. Alikuwa amesikiliza mlangoni. Ndoa haikumzima hata kidogo.

Hoja ya pili ni nzito. Uhuru wa Anne unasimama juu ya nchi za watu wengine. Anaposafiri kwa treni kuelekea Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Waafrika anaokutana nao ni wauza vinyago vya wanyama vituoni. Baadaye kuna mwanamke mzee anayemuuguza kisiwani, na hatuambiwi hata kidogo yeye ni nani katika maisha yake. Kibaya zaidi ni namna kitabu kinavyoutumia uasi wa Rand, eneo la migodi ya dhahabu la Afrika Kusini. Mgomo wa wachimba migodi wazungu ulianza Januari 1922, baada ya wamiliki kutaka kazi zilizotengewa wazungu zifanywe na weusi kwa ujira mdogo. Machi ukageuka vita. Waziri mkuu Jan Smuts alituma jeshi, mizinga na ndege, na zaidi ya watu 150 wakauawa, wakiwemo Waafrika waliovamiwa na wagomaji. Katika riwaya, haya yote yanafanywa kazi ya genge linalouza silaha ili lijipatie faida. Migodi ipo, lakini mchimbaji mweusi, ambaye ugomvi wote ulianzia kwenye ujira wake, hayupo.

Watetezi husema hii ni burudani, si historia. Wengine huongeza kwamba Christie aliandika alichokiona: mwaka 1922 alizunguka na mumewe Archie katika ujumbe wa kutangaza Maonyesho ya Himaya ya Uingereza, na machafuko yalimkuta Afrika Kusini. Hilo la pili ndilo linalonifanya nisikubali kirahisi. Mtu aliyekuwepo alikuwa na nafasi ya kuona zaidi ya vinyago. Burudani nayo haikumzuia kuwa makini, maana ni makini kupindukia linapokuja suala la mkono wa daktari kifuani mwa maiti. Jicho lilelile lililoona hilo lilipita mgodini bila kusimama.

Ninaendelea kuzisoma, na msichana wa miaka kumi na sita akiniomba kitabu nitampa The Man in the Brown Suit bila kusita, pamoja na maelezo ya Machi 1922. Mwanzo wake una nguvu ambayo riwaya nyingi za kijasusi za wanaume hazina. Ninapoachana na Anne ni karibu na mwisho. Mkuu wa genge ni Sir Eustace Pedler, mzee mcheshi ambaye Christie alimpa tabia nyingi za Meja Belcher, kiongozi wa ule ujumbe wa 1922. Anatoroka, anamwandikia Anne barua ya kirafiki, na Anne anafurahi kwamba hakukamatwa. Wakati huo Anne ameshajua silaha zilipelekwa wapi.